Mkono wa Mfinyanzi Ukutani

Geuza chungu cha Urewe juu chini, na katikati ya kitako utakuta kishimo kidogo cha duara kilichobonyezwa wakati udongo ungali mbichi. Mfinyanzi alikwisha kuumba tumbo, akalifunga kwa chini, akalilainisha, ndipo akabonyeza. Kati yake na sisi kuna zaidi ya miaka elfu moja, na kwa vyungu vingine zaidi ya elfu mbili. Alama ya kubonyeza kwake ingalipo, na ukiipata picha nzuri ya kitako hicho utaona hata ukingo wa kishimo ulivyovimba kidogo pale udongo uliposukumwa kando.

Picha ya namna hiyo ndiyo ningependa ionekane katika sebule za mtaa wetu wa Kilibula. Mtu akimaliza kupiga lipu nyumba yake hapa Uvira, Kongo, ukuta mkubwa wa sebule haukai mtupu muda mrefu. Huja kalenda ya parokia, huja picha ya harusi, huja bango la maporomoko ya maji au farasi weupe wa nchi ya mbali. Siku hizi wako pia wanaotafuta picha za vyombo vya udongo vya kale, kwa sababu rangi yake ya kahawia na nyekundu inatulia machoni na inapatana na mbao za viti vyetu. Wanapotafuta kwenye simu wanakutana kwanza na mitungi ya Ugiriki, sanamu za Misri na vyungu vya Peru. Vyote hivyo ni kazi za heshima, na mtu akipenda mtungi wa Athene autundike. Ila kati ya Ziwa Victoria, Ziwa Kivu na ziwa letu la Tanganyika ziliwahi kufinyangwa kazi zinazostahili ukuta ule ule, na wengi wetu hatujawahi kuziona hata kwa picha.

Kwanza nieleze zilivyojulikana. Katika nchi ya Wajaluo, magharibi mwa Kenya, mmisionari wa Kianglikana Walter Edwin Owen alikuwa na mazoea ya kuokota na kuchunguza vigae vya kale. Owen alifariki 1945. Mwaka 1948 waakiolojia Mary Leakey na Louis Leakey walichapisha mjini Nairobi maelezo ya vyungu hivyo, jina la Owen likiwa kati ya majina yao, na wakavitambulisha kwa kile kishimo cha kitakoni. Baadaye, mwaka 1961, mwakiolojia Merrick Posnansky alipendekeza viitwe kwa jina la mahali, Urewe, na jina hilo ndilo lililobaki. Wakati huo huo, upande wetu, Jean Hiernaux na Emma Maquet walikuwa wakichimba Rwanda, Burundi na Kivu. Vitabu vyao viwili, cha 1957 na cha 1960, vilionyesha kwamba vyungu vya kishimo vimetapakaa mpaka kwenye milima ya Kivu. Wafinyanzi wale walifanya kazi kuanzia karibu mwaka 500 kabla ya Kristo hadi mnamo mwaka 800 baada ya Kristo, katika jamii zilizokuwa zikiyeyusha chuma na kulima. Kwa hiyo ukisimama Kilibula ukatazama bonde la Ruzizi, unatazama ukingo wa nchi yao.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana anayenunua picha bila kuijua kazi ya mikono iliyomo ananunua rangi tu.

Udongo wa kufinyangia hautumiki kama ulivyochimbwa. Huchambuliwa mawe na mizizi, hukandwa, na huchanganywa na kitu kikavu: mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa upya. Kitu hicho kikavu ndicho kinachoyaachia maji njia ya kutoka, ili chungu kisipasuke kinapokauka wala kinapochomwa. Katika picha iliyopigwa vizuri utaziona chembe hizo pale chungu kilipovunjika, nyeupe au nyekundu ndani ya udongo mweusi.

Kisha mfinyanzi huinua ukuta wa chungu kwa mkono, bila gurudumu. Udongo unaviringishwa kuwa kamba nene, kamba inazungushwa juu ya kamba, na vidole vinabana maungio kwa ndani na kwa nje. Baadaye hukwangua kwa kipande cha kibuyu au cha mti hadi ukuta ulingane unene. Tumbo la duara kamili lililoinuliwa kwa mkono mtupu ni jambo la kustaajabisha, na hapo ndipo Urewe inaponishika kila mara. Vyungu vyao vina tumbo la mviringo na mdomo uliogeuzwa nje, mabakuli yao ni nusu duara iliyotulia, na unene wa ukuta unafuata mstari mmoja kuanzia begani hadi kitakoni. Hakuna aliyewasimamia kwa rula.

Halafu mdomo. Mfinyanzi wa kawaida angeukata mdomo wa chungu na kuulainisha, basi. Mfinyanzi wa Urewe aliutengeneza kwa pande: alipita mara moja, akapita tena, mpaka ukingo ukawa na nyuso mbili, tatu au zaidi zinazokutana kwa pembe nyembamba kuzunguka mdomo mzima. Nyuso hizo hazisaidii chungu kuchemsha maharage upesi. Nadhani ziliwekwa kwa sababu mwanga ukigonga mdomo, kila uso unapokea mwanga wake, na mdomo wa chungu unaonekana umevaa pete juu ya pete. Mtu aliyekuwa akipika juu ya mafiga matatu, katika nyumba ya miti na nyasi, aliona ni vema mdomo wa chungu chake upendeze hata katika mwanga wa moto.

Baada ya hapo chungu huachwa kikauke nusu. Kusubiri huku ni sehemu ya ufundi, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna saa inayoipima. Udongo ukiwa mbichi mno, ncha ya kuchorea inauburuta na mstari unaacha kingo zilizochakaa. Ukikauka mno, ncha inakwaruza na kubandua vipande vidogo vidogo. Katikati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambapo mstari unakatika safi, ukingo wake ukiwa mkali na chini yake laini. Chukua picha yoyote ya Urewe iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, fuata mstari mmoja kwa jicho, utajua papo hapo kama mfinyanzi alianza wakati wake. Nakshi zao ni mistari inayopishana kama wavu, mifereji inayolizunguka bega, vitanzi vinavyoning'inia, na mizunguko inayojikunja ndani yake. Mahali mistari inapokutana, ule wa baadaye unaukata wa kwanza. Ukitulia unaweza kurudia mwendo wote wa mkono: ulianzia hapa, ukashuka, ukainuliwa, ukarudi. Penye mwisho wa duara, pale nakshi inapotakiwa kukutana na mwanzo wake, utaona kama nafasi ilitosha au kama mfinyanzi alibana vitanzi viwili vya mwisho ili viingie. Mimi napenda zaidi vyungu vilivyobanwa hapo mwishoni. Vinaonyesha kwamba hesabu ilifanywa kwa jicho.

Mwisho ni moto. Vyombo vya namna hii vilichomwa uwanjani, juu yake na chini yake zikiwa nyasi na kuni, katika joto la takriban nyuzi 600 mpaka 850 za Selsiasi. Udongo ukipita nyuzi 500 na kitu hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na tangu hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa miaka elfu. Ndiyo sababu tunavyo. Penye hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hugeuka chekundu. Penye moshi uliobanwa, kinabaki cheusi. Madoa meusi unayoyaona ubavuni mwa chungu cha kale ni mahali ambapo ukuni au jivu liligusa wakati wa kuchomwa. Mchapaji asiyejua atayafuta kwenye kompyuta akidhani ni uchafu wa picha. Picha iliyofutwa madoa hayo usiinunue.

Kati ya chungu na karatasi yupo fundi mwingine ambaye hatajwi, naye ni mchoraji wa vigae. Kabla kamera hazijawa nafuu, na hata leo, vyungu vingi vinavyochimbuliwa na waakiolojia huchorwa, kwa desturi kwa wino, na mchoro huo una kanuni zake. Mchoraji huchukua kigae cha mdomo, hukilaza juu ya karatasi yenye duara nyingi zilizomo moja ndani ya nyingine, hukisogeza mpaka ukingo wake ulingane na duara mojawapo, na hapo amejua upana wa chungu kizima kutoka kwenye kipande kisichozidi kiganja. Huchukua umbo la ubavu kwa kifaa chenye sindano nyingi nyembamba zinazosukumwa na kigae na kubaki zilivyosukumwa. Unene huupima kila mahali. Kisha huchora mstari wa wima katikati. Kwa desturi inayofuatwa na wengi, kushoto mwa mstari chungu kinaonyeshwa kana kwamba kimepasuliwa kwa kisu, ukuta wake ukipakwa weusi, na ndani yake kuonekana. Kulia kinaonyeshwa kwa nje, na nakshi zake zote. Kivuli hakipakwi, kinajengwa kwa nukta, moja moja, nyingi penye giza na chache penye mwanga, na mwanga daima unatoka juu kushoto. Chini huwekwa mstari mfupi wa sentimita.

Mchoro wa hivyo unaweza kuchukua siku nzima kwa chungu kimoja, na mchoraji hana ruhusa ya kukipendezesha. Kama chungu kimepinda, akichore kimepinda. Kama nusu ya nakshi imepotea, aache tupu au aikamilishe kwa mistari ya vipande ili mtazamaji ajue wapi ni ushahidi na wapi ni makisio. Utii huo kwa kazi ya mtu mwingine, aliyekufa zamani na asiyeweza kumshukuru, nauona ni ufundi mkubwa kama ule wa kwanza. Kwa maoni yangu, kama una ukuta mmoja na pesa ya picha moja, chagua mchoro wa wino kabla ya picha ya kamera. Mchoro unaonyesha nje na ndani kwa pamoja, haupauki upesi kwa kuwa ni mweusi juu ya nyeupe, na hata printa ya kawaida inaweza kuuchapa bila kuuharibu.

Picha ya kamera nayo ina mahali pake, hasa kwa kazi zilizofinyangwa sura ya mtu. Mwaka 1929, wafungwa wa gereza la Luzira, kando ya Kampala, walikuwa wakichimba na kusawazisha ardhi walipofukua vipande vya sanamu ya udongo uliochomwa: kichwa na sehemu za mwili. Kichwa cha Luzira kiko British Museum, London, tangu 1931. Kwa miaka mingi kilikaa kama yatima, hakuna aliyejua kwa hakika akiweke na kazi zipi. Mwaka 2008 waakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley walionyesha kwamba kinakaa vizuri pamoja na vyungu vya mwambao wa Ziwa Victoria vya mwisho wa milenia ya kwanza na mwanzo wa ile iliyofuata, wakati desturi ya Urewe ilipokuwa ikibadilika. Hapo mchoro wa nukta hautoshi. Uso unataka kivuli halisi.

Na kwa Mkongomani haiwezekani kumaliza habari hii bila Sanga, kando ya Ziwa Kisale kule Upemba. Jacques Nenquin alichimba huko 1957 na kitabu chake kikatoka Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1963. Pierre de Maret alirudi katika miaka ya 1970. Walikuta makaburi ya watu walioishi kati ya karne ya 8 na ya 13, wamezungukwa na vyungu, mabakuli na chupa za udongo za umbo la kipekee, pamoja na shaba na chuma. Humo mlikuwamo hata majiko ya udongo ya kubebeka, yenye pembe tatu za kuegemeza chungu. Mama yeyote wa Kilibula anayewasha mbabula asubuhi angeyatambua bila kuelezwa. Makaburi ya watoto yaliwekewa vyombo vidogo, vimepunguzwa kulingana na umri wa mtoto. Nikiwaza mfinyanzi aliyekaa chini kufinyanga bakuli la kiasi cha mkono wa mtoto aliyefariki, akalilainisha na kulichora kwa uangalifu ule ule wa bakuli kubwa, naona kwamba picha ya bakuli hilo haifai kuwekwa mahali pa pambo tu. Iwekwe mahali mtu anapokaa kimya.

Niseme pia jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Nunua picha, chombo chenyewe cha kale usikinunue, hata ukiletewa mlangoni. Nchini Nigeria, sanamu za udongo za Nok, zilizoanza kujulikana 1928 katika machimbo ya bati, zimechimbuliwa kwa wizi na kuuzwa Ulaya na Marekani mpaka mwaka 2000 Baraza la Kimataifa la Makumbusho likaziweka katika orodha nyekundu ya vitu vya Afrika vilivyo hatarini. Chungu kinapong'olewa ardhini na mwizi, hakuna tena wa kujua kililala kando ya nani, juu ya majivu gani, pamoja na mbegu zipi. Kinabaki kizuri na bubu. Picha haimnyang'anyi mtu kitu. Nyumba mia za Kilibula zinaweza kuwa na bakuli moja la Kisale ukutani, na bakuli likabaki katika makumbusho, pamoja na maandishi yake yote.

Kuhusu kununua kwenyewe, mambo machache ninayoyasisitiza.

Ubora wa picha hauamuliwi na jinsi inavyong'aa kwenye simu. Kwa karatasi ya sentimita 30 kwa 40, uchapaji mzuri unataka pikseli zipatazo 3,543 kwa 4,724. Picha ya pikseli 1,000 uliyoinasa kwenye simu inatosha upana wa sentimita 8 na nusu; ukiivuta ijaze ukuta, mistari ya nakshi inakuwa ukungu, na kila nilichokieleza kuhusu mkono wa mfinyanzi kinapotea. Makumbusho kadhaa yameachia picha kubwa bure. Metropolitan Museum ya New York ilifanya hivyo Februari 2017, ikaruhusu mtu yeyote kuzichapa hata kwa biashara picha za kazi zisizobanwa na hakimiliki. British Museum inaruhusu picha zake nyingi zitumike bila malipo mradi si kwa biashara na chanzo kitajwe. Basi mtu wa Kilibula anayetaka kuchapa kwa ajili ya sebule yake ana njia halali. Anayetaka kuchapa ili auze, asome masharti kwanza au aandike kuomba.

Tazama mwanga. Picha iliyopigwa kwa taa ya mbele inakipiga chungu kofi: kinakuwa bapa, nakshi inafutika. Mwanga uje kutoka ubavuni, chini kidogo, ili kila mfereji uwe na ukingo mmoja mweupe na mwingine mweusi. Tazama pia kama mpiga picha alisimama mbali. Chungu kilichopigwa kwa karibu mno huvimba tumbo kuliko kilivyo, na kitako kinasinyaa.

Karatasi iwe nene, ya pamba, isiyo na asidi. Karatasi ya mbao ya bei rahisi inageuka njano kama gazeti la mwaka juzi. Wino uwe ule wa chembe za rangi, maana wino wa maji unapauka mapema, hasa nyekundu, nayo nyekundu ndiyo roho ya udongo. Wachapaji wetu wa barabarani wengi wana wino wa maji na karatasi ya kung'aa. Wanafanya kazi nzuri kwa picha za pasipoti na za ubatizo, lakini kwa kazi hii waombe wakuonyeshe chupa za wino kabla hujalipa, au mpaka ukiwa wazi tuma kazi Bujumbura.

Fremu na ukuta vinataka akili ya mahali petu. Jua letu linachomoza ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi, na linaingia moja kwa moja katika madirisha yanayotazama maji; jioni linajificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Kwa hiyo ukuta unaokabiliana na dirisha la ziwani haufai, hata ukiwa ndio mkubwa. Tundika kwenye ukuta wa ubavuni. Unyevu ni adui mwingine. Waliosafisha nyumba zao baada ya mafuriko ya Aprili 2020 wanajua maji yanavyopanda ndani ya tofali na kukaa humo miezi. Picha iwe juu, nyuma ya fremu pabandikwe vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite, na kati ya kioo na karatasi pawe na ukingo wa karatasi ngumu, picha isiguse kioo ikaganda.

Seremala aliyenitengenezea fremu, kijana mwenye mkono mtulivu, aliiangalia picha ya bakuli la Urewe lenye upande uliokatika, akasita.

"Papa, hapa pembeni pamevunjika. Nikate, ibaki sehemu nzuri?"

"Acha hivyo, mwanangu. Hapo palipovunjika ndipo unapouona unene wake."

Akasogea karibu, akapitisha kidole hewani kufuata ukuta wa bakuli kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Kweli, limelingana." Alisema kama fundi anayemsifu fundi, na akaacha nafasi pana zaidi upande ule kuliko nilivyomwomba. Alikuwa na haki. Upande uliovunjika ulihitaji kupumua.

Kuna deni ambalo picha hailipi. Desturi ya ufinyanzi haikufa katika maziwa haya. Ilibadilika: tangu mwishoni mwa milenia ya kwanza mistari ya kuchora iliachia nafasi nakshi za kuviringisha, ambapo kamba iliyosokotwa au kusukwa kwa nyuzi za majani inapitishwa juu ya udongo mbichi na kuacha safu za vidoa. Wafinyanzi wa Kitwa wa Rwanda, Burundi na Kivu wameishika njia hiyo mpaka wakati wetu. Ufundi wao umebebeshwa dharau ambayo majirani waliwabebesha wenyewe: watu walikula chakula kilichopikwa katika vyungu vya Watwa huku wakikataa kula nao. Masufuria ya alumini na ndoo za plastiki yamewapunguzia wateja, na mabonde waliyochimbia udongo mengi yamegeuzwa mashamba ya mpunga. Mtu anayetundika chungu cha miaka elfu mbili ukutani na kumpita mama mfinyanzi sokoni bila kumsalimia hajaielewa picha yake. Sombe iliyopikwa polepole katika nyungu, watu wa hapa wanajua ladha yake. Na nyungu hiyo hununuliwa kwa mtu aliye hai, mwenye jina, anayepanga bei na kuijadili.

Ombi langu linawahusu wachapaji na wanunuzi. Anayechapa picha ya chungu cha kale aandike chini yake mahali kilipochimbuliwa, umri wake, kipimo chake kwa sentimita, na makumbusho yanayokitunza. Mistari miwili inatosha. Na wewe unayenunua, usipoyaona maandishi hayo, uliza. Ukikosa jibu, rudisha picha mezani na utafute nyingine.